Ukungu ndani ya taa ya mbele: usitoboe
Kaka unayetaka kutoboa taa ya mbele ya gari ili ukungu utoke, usitoboe. Ukungu mwembamba unaoingia baada ya mvua na kuisha ukiwasha taa kwa muda si ubovu. Taa nyingi zina vitundu vya kupumulia nyuma, na hivyo usivizibe. Matone yanayotiririka au maji yaliyotuama chini ndiyo shida. Fungua boneti utazame kifuniko cha mpira nyuma ya balbu. Hapa Changamwe, Mombasa, naona taa kama hizo kila masika: balbu imebadilishwa, kifuniko kimerudishwa upande. Kikiwa sawa, huenda gundi inayoshika kioo cha taa ukingoni imeachia. Taa ikaushwe kabisa, ukingo uzibwe kwa silikoni isiyonuka siki. Usikawie lakini, hewa yetu ya chumvi hubambua ile rangi ya fedha ndani.