Maswali ya Wasomaji: Bombay ilitolewa kwa ndoa, Mombasa ikaachwa?

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Wazee wetu husema Wareno walimpa mfalme wa Uingereza Bombay kwa ajili ya ndoa. Kama walikuwa wakwe kweli, mbona mfalme hakuleta manowari Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu mwaka 1696?
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam. Wazee wamesema kweli. Charles II, mfalme wa Uingereza, alimuoa Catherine wa Braganza, binti wa kifalme wa Ureno, mwezi wa Mei 1662, na kwa desturi ya kwao mali ilitoka kwa wazazi wa bibi harusi. Mkataba ulitiwa saini London tarehe 23 Juni 1661. Ureno ilitoa mji wa Tangier huko Moroko, kisiwa cha Bombay (Mumbai ya leo, India) na kruzado milioni 2, yaani sarafu za Kireno, tena ikawaruhusu wafanyabiashara wa Kiingereza kukaa katika miji yake ya India ya Goa, Cochin na Diu, mradi wasizidi familia nne kila mji. Charles naye aliahidi manowari 10, askari 1,000 wa farasi na 2,000 wa miguu.

Ureno haikuwa na ukarimu wa bure. Tangu 1640 ilikuwa ikipigana na Uhispania ili isitawaliwe tena, Waholanzi walikuwa wameshainyang'anya Malacca na Colombo, na mwaka 1659 Ufaransa ilipatana na Uhispania ikaiacha peke yake. Kwa hiyo iliyokuwa ikinunuliwa hapo ni jeshi.

Kutia saini kulikuwa kwepesi, kutekeleza ndiko kulikoshinda. Nusu ya fedha ilitakiwa isafiri na bibi harusi. Earl wa Sandwich, amirali wa Kiingereza, alipofika Lisbon kumchukua, taslimu haikutosha, akapakiwa sukari, bidhaa nyingine na hati za hawala. Bombay nayo ilileta balaa. Mkataba ulitaja kisiwa pamoja na haki na maeneo yake, basi Waingereza wakadai hata Salsette, kisiwa cha jirani, Wareno wakasema ni kisiwa kimoja tu. Abraham Shipman, aliyetumwa na Charles kuipokea Bombay, alipofika 1662 na askari wapatao 400, mtawala wa Goa alizikataa barua zake kwamba hazikuandikwa inavyopasa. Wakaenda kungoja Anjediva, kisiwa kidogo kusini ya Goa, na huko maradhi yakawamaliza, Shipman mwenyewe akiwemo. Bombay ilipokabidhiwa Februari 1665, waliobaki walikuwa kama mia moja. Mtu akikuonyesha mkataba wa zama hizo, usiishie kwenye tarehe ya saini. Tafuta tarehe ya makabidhiano.

Sasa Mombasa. Hoja yako ina nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu ule mkataba ulikuwa na kifungu cha siri: mfalme wa Uingereza atayalinda makoloni yote ya Ureno dhidi ya maadui wa wakati ule na watakaokuja. Kwa maandishi, Ngome ya Yesu imo.

Lakini nani angelipa? Mwaka 1668 Charles, aliyechoshwa na gharama za Bombay, aliikodisha kwa Kampuni ya India ya Mashariki kwa pauni 10 za dhahabu kwa mwaka. Tangu hapo mambo ya Bahari ya Hindi yalikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, na hao hawakuwa na deni lolote la urafiki kwa Wareno. Mwaka 1622 merikebu za Kampuni ziliwasaidia Waajemi kuwafukuza Wareno Hormuz, kisiwa cha mlango wa Ghuba ya Uajemi, na Mfalme James wa Uingereza akadai pauni 10,000 katika faida ya Kampuni!

Kampuni yenyewe ilikuwa taabani. Mwaka 1689 Sidi Yaqub, amirali wa dola ya Mughal ya India, aliizingira Bombay. Mwaka 1695 haramia Henry Every aliiteka merikebu ya mfalme wa Mughal, Aurangzeb, iitwayo Ganj-i-Sawai, na watu wa Kampuni katika bandari ya Surat, India, wakatiwa pingu kwa kosa lisilo lao. Mfalme naye, William III, alikuwa vitani na Ufaransa mpaka 1697, manowari zake akizihitaji Ulaya. Msaada wa Mombasa ulibidi utoke Goa, na Goa ilikuwa hoi. Ngome ikaanguka Desemba 1698.

SWALI: Na Tangier, iliwafaa Waingereza?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kidogo sana. Bandari yake ilikuwa wazi kwa mawimbi, ikabidi wajenge gati refu la mawe baharini kwa gharama kubwa mno. Mwaka 1664 gavana Teviot aliuawa na mamia ya askari wake nje ya kuta, na 1680 majeshi ya Moulay Ismail, sultani wa Moroko, yaliubana mji vibaya. Bunge likakataa kutoa fedha, likihofia askari wa Tangier wasije wakatumiwa na mfalme kuwakandamiza raia nyumbani. Mwaka 1683 Lord Dartmouth, amirali wa Kiingereza, alitumwa kuuhama mji, na kwanza alibomoe gati kwa baruti lisije likamfaa adui. Lilikuwa limejengwa imara hata kulivunja kukachukua miezi.