Alama ya kutoa mbele ya mabano

SWALI: Wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza wakifungua mabano ya 5 − 2(x − 3) huandika 5 − 2x − 6. Niwasaidieje?

JIBU: Wanazidisha kwa 2 na kuiacha alama ya kutoa nyuma. Waambie waizungushie duara −2 nzima, kisha wachore mishale miwili: mmoja kwenda x, mwingine kwenda −3. Hapo −2 × x ni −2x, na −2 × −3 ni +6. Jibu: 11 − 2x.

Wapo pia watakaotoa 2 kwenye 5 kwanza, wapate 3(x − 3). Kuzidisha hutangulia kutoa.

Wajipime kwa x = 1: swali lenyewe hutoa 9, na 11 − 2x pia 9. Lile kosa la 5 − 2x − 6 hutoa −3. Msitumie x = 0 peke yake, maana huficha makosa ya x.