Je, nihamie Grenoble na kompyuta yangu?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msanifu wa michoro, nina miaka 29, na wateja wangu wote nawapata mtandaoni. Wengi wako Nairobi, wengine Dubai. Natamani kukaa mwaka mmoja Ufaransa, kwenye mji wa milima ya Alps. Annecy imeniteka kwa lile ziwa lake, ila rafiki yangu anasema niangalie Grenoble. Naulizia viza, nyumba na hiyo baridi. Je, koti ninunue kabla sijaondoka? — Msanifu anayetamani theluji

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mimi nafanya kazi ya tafsiri papa hapa Grenoble, kwa hiyo nakujibu kama jirani, si kama wakala wa safari.

Tuanze na viza, maana hapo ndipo wengi hukwama. Ufaransa haina viza maalumu ya watu wanaohamahama na kazi zao za mtandaoni. Ile ya siku 90 ndani ya siku 180 ni ya kuja na kurudi. Ipo ya muda mrefu, ya mgeni anayejitegemea, na utasikia vijana wakikwambia, "Chukua hiyo, nani atajua?" Soma kwanza unachotia sahihi: unaahidi kutofanya kazi yoyote ya kipato ukiwa Ufaransa. Wapo wanaobisha kwamba mteja akiwa nje ya nchi basi hiyo si kazi ya Ufaransa. Ubishi huo wafanye wao. Siku ya kuomba kuongezewa kibali utakuwa peke yako dirishani. Ushauri wangu ni viza ya wanaojiajiri. Inadai uonyeshe kazi inayoeleweka na kipato kisichopungua kima cha chini cha mshahara cha Ufaransa, kwa hiyo anza sasa kukusanya mikataba na taarifa za benki. Ukishafika, una miezi mitatu ya kuithibitisha mtandaoni. Na ukifanya makazi yako hapa, watu wa kodi wa hapa watakuhesabu wa kwao, hata kama fedha zinatoka Dubai.

Kuhusu mji, rafiki yako kasema kweli. Annecy ni nzuri, sikatai, lakini iko karibu na Geneva, na wanaolipwa faranga za Uswisi hupanga nyumba zilezile unazozitaka wewe. Grenoble ni mji wa wanafunzi na maabara. Watu wamekuja kufanya kazi, nawe hutaonekana mtalii. Milima imeuzunguka pande zote, Chartreuse, Vercors na Belledonne, ila mji wenyewe ni tambarare kabisa, ndiyo maana kila mtu yuko juu ya baiskeli. Kodi baiskeli, funga kwa kufuli nzito. Wezi wa baiskeli hapa hawalali.

Nyumba sasa. Mwenye nyumba hakuulizi kwanza una fedha kiasi gani, anauliza faili lako liko wapi: kitambulisho, hati za mshahara za miezi mitatu, mkataba wa kazi wa kudumu, taarifa ya kodi, na mdhamini. Wewe uliyejiajiri nusu ya hivyo huna. Kwa hiyo miezi ya mwanzo tafuta chumba kwenye nyumba ya kushirikiana. Ndiko wasikokaza sana. Nyumba yenye samani, dhamana isizidi kodi ya miezi miwili, na usitume hata senti kabla hujaingia ndani ukafungua mabomba. Siku ya kukabidhiwa funguo mtazunguka vyumba vyote na karatasi mkiandika kila mkwaruzo. Usione haya, piga picha mpaka nyuma ya mlango wa choo. Angalia pia ile herufi ya matumizi ya nishati, A hadi G. Tangu Januari 2025 nyumba ya G hairuhusiwi kwenye mkataba mpya, na ya F nayo, kusema kweli, itakula fedha zako kwenye kipasha joto.

Baridi utaiweza. Kinachochosha zaidi ni anga. Wakati wa baridi hewa baridi hukaa chini ya bonde na yenye joto huifunika kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa magari na wa kuni haupati pa kutokea, na mnaweza kukaa siku nzima bila kuliona jua. Dawa yake ni kupanda. Ukifika Chamrousse, kituo cha kuteleza kwenye theluji kilicho mlimani juu ya Grenoble, mji wa chini umemezwa na wingu jeupe, huku juu watu wamevaa miwani ya jua. Kiangazi bonde hilohilo huwaka, na hilo ndilo wageni hawalitegemei: omba dirisha lisiloelekea magharibi.

Saa za kazi hazitakusumbua. Msimu wa baridi saa za hapa ziko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja. Ila kikao cha saa tatu asubuhi cha Nairobi, mwezi Desemba, utakifanya saa moja, nje kungali giza totoro.

Koti usinunue huko. Njoo na sweta mbili. Ukifika Januari utakuta mapunguzo ya bei ya msimu, ambayo huanza mapema mwezi huo na kudumu wiki nne. Viatu ndivyo vya kutia fedha: soli yenye meno, isiyopitisha maji.