Kupanda Mbomole na mama mkwe kwa siku moja

Ndugu, umeuliza kama mtu anayeishi Tanga mjini anaweza kumpeleka mama mkwe wake kwenye kilele chenye msitu na kurudi jioni. Inawezekana, lakini nakushauri uache kilele cha Magamba, Lushoto, ambako safari ya barabarani peke yake itawachosha, mwende kilima cha Mbomole, katika hifadhi ya Amani, ambacho kina urefu wa takriban mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na mwinuko usioumiza magoti. Ondokeni alfajiri, mpitie Muheza, kisha mlipe kiingilio na kuchukua mwongozaji langoni Sigi, kwenye nyumba ya zamani ya stesheni ya reli ya Wajerumani. Kutoka hapo gari liendelee kupanda hadi Amani, ili miguu ya mama ibakie kwa ajili ya kilima.

Epukeni masika, Machi hadi Mei, kwani udongo mwekundu huganda chini ya viatu mpaka soli inateleza kama sabuni; kandambili, hata za bei mbaya, zibaki nyumbani. Maji, koti la mvua na mkate wa kumimina vinatosha.