Mwalimu Anajibu: Watu Wameongezeka, Tumbawe ni Lile Lile

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Tanga mjini. Kwenye mdahalo wa shule tulipewa kutetea hoja kwamba dunia imejaa watu na chakula kitaisha. Tulishindwa, ila mpaka leo sijui kama tulistahili kushindwa. Dunia itafika watu wangapi?
Msichana wa Makorora

JIBU: Marahaba binti yangu. Mwaka 1967 karani wa sensa alikuja nyumbani kwetu Tongoni na makaratasi yake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamtolea kiti chini ya mkungu. Akatuhesabu, tukatimia tisa. Nchi nzima tulikuwa kama milioni 12. Agosti 2022 alikuja karani mwingine, kijana wa umri wa wajukuu zangu, akakaa sebuleni kwangu Chumbageni na kishikwambi mkononi. Safari hii tumefika milioni 61 na laki saba. Mara tano, na mimi niliyehesabiwa chini ya mkungu bado naenda sokoni kwa miguu yangu.

Dunia yenyewe ilitimiza bilioni 8 Novemba 2022, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo nadhani upande wenu ulijikwaa, kwa sababu kasi inapungua. Miaka ya 1960 dunia ilifikia kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Leo haifiki asilimia 1. Makadirio yao ya mwaka 2024 ni kwamba tutafika kama bilioni 10.3 kwenye miaka ya 2080, kisha idadi ianze kushuka. Japani na Italia zimeshaanza kupungua.

Kuhusu chakula, Malthus, kasisi wa Kiingereza, aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula. Wakati huo dunia ilikuwa haijatimiza hata bilioni moja, na mbolea ya viwandani hakuijua. Chakula kimeongezeka sana tangu siku zake. Kumfikia anayekihitaji ndiko kugumu: nenda Muheza msimu wa machungwa ukitoka, uone yanavyooza kando ya barabara.

Lakini usirudi shuleni ukasema basi hakuna shida. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, Tanzania tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Chukua 70 ugawe kwa 3.2, utapata karibu miaka 22. Hiyo ndiyo miaka ya watu kuwa mara mbili kwa mwendo huo. Sasa hesabu madawati ya darasa lenu, halafu uniambie nani atachonga mengine kama hayo kabla hujatimiza miaka arobaini, ili mwanao naye asikae chini.

SWALI: Assalaam alaikum, na shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Sahare. Marehemu baba alikuwa na ngalawa ya tanga, adhuhuri haimkuti baharini, kapu limeshajaa. Mimi nina boti ya mashine, naenda hadi nyuma ya kisiwa cha Yambe, nachoma mafuta, narudi na vibua vya kitoweo. Ilikuja semina, kijana mmoja akatuambia samaki wameisha kwa sababu tunazaa sana. Mzee wetu mmoja akasimama akamjibu kila mtoto huja na riziki yake, watu wakampigia makofi. Nina watoto wanne. Mke wangu ana miaka 29, anasema wanatosha, mimi nimemwambia asubiri kwanza kuanza uzazi wa mpango. Binti mkubwa anamaliza la saba, nafikiria amsaidie mama yake kuuza samaki soko la Deep Sea. Kati ya kijana na mzee, mkweli ni nani?
Baba wa wanne

JIBU: Waalaikumu salaam, marahaba mwanangu. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, kwa sababu baba yangu naye alikuwa mvuvi, mtu wa madema, ile mitego ya samaki. Akiyasuka mwenyewe barazani, na sisi watoto tukimshikia fito. Alileta changu, tasi, siku ya bahati chewa. Ngalawa za kijiji nilizijua kwa matanga, kila tanga na kiraka chake. Mwaka jana nilikwenda Tongoni kumzika shangazi, nikasimama ufukweni nikaanza kuhesabu vyombo. Nilipofika hamsini nikaacha.

Kwa hiyo kijana wa semina hakusema uongo. Wavuvi wameongezeka, na mwamba wa tumbawe mnaouvua ni ule ule aliovua baba yako. Ila aliwabebesha ninyi mzigo wote, na hilo silikubali.

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na miwili. Kuna asubuhi tulikuwa darasani tunasikia mshindo kutoka baharini, vioo vinatetemeka, watoto wanatazamana. Baruti. Waliokuwa wakiirusha walikuwa wachache, pengine wasingejaza hata mabenchi mawili. Mshindo mmoja unavunja tumbawe lililoota kwa miaka makumi, na unaua samaki wadogo ambao hata hawaokotwi. Hao hawakuliharibu kwa wingi wao. Halafu mwaka 1998 bahari ikapata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya mwambao wote huu yakapauka kama mifupa. Bahari inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, na mwenye moshi huo tunamjua. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa tani kama 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Mtu akija Sahare kusema watoto wenu ndio wanaoilemea dunia, bila kuitaja hesabu hiyo, anawadhulumu, na nasema hivi kwa uchungu.

Mzee wenu je? Neno lake nimelelewa nalo na ninaliamini. Lakini riziki ya mtoto wa Sahare imewekwa kwenye tumbawe, na mazao ya tumbawe hayaongezeki kwa kuwa sisi tumeongezeka. Na si bahari peke yake. Maji ya bomba tunayokunywa mjini yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na mto wenyewe unategemea misitu ya Amani kule Usambara. Mkoa wetu mwaka 2012 ulikuwa na watu milioni 2 na ushei. Mwaka 2022 umepita milioni 2.6. Wote hao wanapika, na wengi wanapika kwa kuni na mkaa. Kila gunia la mkaa linaloshuka kutoka Handeni lilikuwa mti. Mzee angeongeza kwamba riziki nayo inataka kutunzwa, ningempigia makofi na mimi.

Sasa nyumbani kwako. Mkeo amezaa wanne na hajafika thelathini. Umemwambia asubiri, lakini anayebeba mimba wakati wa kusubiri ni yeye. Mwanangu, mwili ni wake na ameshakueleza. Kupishanisha watoto hakukuletwa na semina: bibi zetu walinyonyesha miaka miwili kamili, kama dini ilivyotaja, na jirani akiona mtoto amefuatishwa haraka alikuwa anasema. UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, wako kwenye kazi ya uzazi wa mpango nchini tangu 1959, kabla hata ya Uhuru. Miaka ya mwanzo ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Utafiti wa 2022 ulikuta 4.8. Hakuna aliyelazimishwa. Wanawake walipata njia, na mabinti walikaa shule.

Ndiyo maana katika barua yako yote kilichonishtua zaidi ni kile kisentensi cha karibu na mwisho, cha binti wa la saba. Nimewaona wengi wa aina hiyo. Anaanza kwa kumsaidia mama na ndoo ya samaki, mwaka wa pili anaitwa mchumba, wa tatu ana mtoto mgongoni. Karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18. Hawa tayari wamezaliwa, na watakapoanza nyumba zao idadi itapanda hata kila nyumba ikizaa wawili tu. Binti anayemaliza sekondari huanza kuzaa akiwa amechelewa kidogo, na kwa kawaida huzaa wachache, kwa kupenda mwenyewe. Ada ya shule za sekondari za serikali imeondolewa. Vilivyobaki ni sare, madaftari na nauli, navyo najua si vidogo kwa mtu anayerudi na vibua. Lakini usimpeleke Deep Sea. Kama ni mikono miwili ya kuuza samaki, tafuteni mpwa aliyekwisha maliza shule, mgawane naye faida.

Na kliniki nenda na mkeo wiki hii. Huduma ya uzazi wa mpango katika vituo vya serikali haina malipo. Watawaeleza sindano, vidonge, njiti na kitanzi, na kipi kinamfaa mwanamke mwenye presha au anayenyonyesha. Ukifika, usibaki nje kwenye benchi na simu yako. Ingia naye ndani, uulize yale uliyoyasikia kijiweni mbele ya muuguzi, ayajibu moja moja mkeo akisikia.