Sare ya Kadeti, Msuko wa Binti na Hijabu: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua ya kwanza

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne. Tulitoka Kivu Kusini, tukaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, na sasa tuko Kentucky. Binti yangu wa miaka 15 amejiunga na programu ya makadeti ya JROTC shuleni kwake. Juzi alirudi na karatasi ya kanuni za mwonekano, akasema mkufunzi amemwambia msuko wake haufai na aufumue kabla ya siku ya sare. Nilimsuka mwenyewe kwa saa sita. Lakini nikisema ukweli, kilichoninyima usingizi si nywele, bali ni kumwona mtoto wangu ndani ya nguo za jeshi. Je, wameshamwandikisha? Na je, nimfumue?*

Mama, naanza na kile kilichokunyima usingizi. Binti yako hajaandikishwa jeshini. JROTC, yaani Kikosi cha Vijana cha Mafunzo ya Maafisa wa Akiba, ni somo la shule za sekondari za Marekani, ambalo chanzo chake ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1916. Wakufunzi wake kwa kawaida ni wanajeshi wastaafu, na sheria inayoliongoza somo hilo sasa inataja kwamba shabaha ya somo ni kuwajengea wanafunzi uraia mwema, moyo wa kuitumikia nchi na uwajibikaji. Kadeti hali kiapo cha jeshi, halipwi mshahara, na akimaliza shule haidaiwi siku hata moja ya utumishi. Ni kweli kwamba baadhi ya vijana huvutiwa na jeshi kupitia darasa hilo, na ni haki yako kuzungumza na binti yako juu ya jambo hilo mapema; lakini sare anayoivaa leo haimfungi.

Hata hivyo najua kwamba maelezo ya sheria hayatoshi. Kwa mtu aliyeikimbia Kivu, nguo za jeshi ni kitu alichokiona kwenye kizuizi cha barabarani au kilichobisha mlango usiku, na picha hiyo haifutwi na karatasi ya shule. Mwambie binti yako wazi, ili asidhani kwamba unamnyima jambo analolipenda bila sababu. Kisha mwombe mkufunzi akuruhusu kuhudhuria ukaguzi wa sare. Utaona vijana waliopanga mistari, na mtu mzima anayepita mbele yao akitazama viatu, kola na kucha, akimrekebisha huyu na kumsifu yule. Nadhani ni vizuri zaidi uione sare hiyo ikiwa imevaliwa na watoto thelathini wenye wasiwasi wa kupoteza alama, kuliko kuiwazia peke yako usiku.

Sasa nywele, na hapa nakuomba usishike kitana cha kufumulia kwanza. Kanuni za makadeti wa Jeshi la Nchi Kavu zinafuata kwa karibu kanuni kuu ya mwonekano wa askari, inayojulikana kama AR 670-1, na kanuni hiyo imebadilika sana katika miaka ya karibuni. Kumbuka kwamba JROTC yenyewe iliandikwa kwa ajili ya wavulana, na wasichana walikubaliwa rasmi mwaka 1973 tu. Kwa hiyo haishangazi kwamba kwa muda mrefu masharti ya nywele yaliandikwa na watu wasiokuwa na nywele zetu mawazoni. Mwezi Machi 2014 jeshi lilitoa masharti yaliyokataza nywele za kusokota na dredi, na kuwekea mipaka mikali unene wa misuko. Wabunge wanawake Weusi waliandika barua ya kupinga, wakisema kwamba masharti hayo yanawabagua wanawake wenye asili ya Afrika. Mwezi Agosti mwaka huo huo Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, alitangaza marekebisho: nywele za kusokota zikaruhusiwa, mipaka ya misuko ikalegezwa, na maneno ya kudhalilisha yaliyozieleza nywele hizo kuwa zilizogandamana na zisizotunzwa yakaondolewa. Mwaka 2017 dredi za wanawake zikaruhusiwa, na mwaka 2021 masharti yakalegezwa tena.

Nimeieleza historia hii kwa urefu kwa sababu shule nyingine bado zinagawa karatasi zilizonakiliwa miaka mingi iliyopita. Mkufunzi aliyestaafu kabla ya mabadiliko hayo anaweza kuwa anafundisha kwa nia njema kabisa jambo ambalo halipo tena. Twende kilioni ya kawaida, iliyosukwa kwa mistari safi na kubanwa nyuma, si kosa. Yanayokataliwa ni mengine: rasta za rangi ya buluu au ya waridi, kwa kuwa rangi ya nywele inatakiwa ionekane ya asili, shanga na mapambo mengine, kwa kuwa vibanio vinatakiwa viwe vya kawaida visivyovuta macho, na msuko uliorundikwa kichwani kiasi kwamba kofia haikai sawasawa. Hili la mwisho ndilo linalowakuta mabinti wengi, kwa sababu kofia ya sare ikiegemea fundo la nywele huinuka kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Dawa yake ni kulishusha fundo chini ya kisogo, si kufumua kichwa kizima.

Kwa hiyo mwandikie mkufunzi kwa heshima, umwombe akuonyeshe kifungu anachokitegemea katika toleo la sasa, na binti yako akavae kofia mbele yake na msuko wake. Ikiwa shule yenu iko chini ya jeshi la majini (Navy), la anga (Air Force) au la wanamaji (Marines), mwombe kanuni za tawi hilo, maana kila tawi lina masharti yake.

Barua ya pili

*Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Ohio. Binti yangu ni kadeti na anavaa hijabu. Ameambiwa kwamba kwenye gwaride la shule ataivua au asimame pembeni. Nafikiria kumwondoa. Pia sipendi lile shati la kuchomekwa ndani ya suruali. Nishauri.*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Usimwondoe. Mwaka 2011, katika jimbo la Tennessee, msichana wa miaka 14 aliambiwa maneno haya haya kabla ya gwaride la shule yake, akaacha programu kwa uchungu. Malalamiko yakafikishwa kwa wakuu wa jeshi, na kufikia Desemba mwaka huo jeshi likatangaza kwamba makadeti wa JROTC wataruhusiwa kuvaa hijabu au kilemba kwa sababu ya dini. Mtoto wa mwenzetu alikwisha kulilipia jambo hili. Binti yako hapaswi kulilipia mara ya pili.

Linalotakiwa ni kuomba kwa maandishi, na kuomba mapema. Barua iwe fupi: jina la kadeti, kwamba hijabu ni sehemu ya dini yake, na kwamba mnaomba aivae akiwa na sare wakati wote, gwaride likiwemo. Mpe mkufunzi nakala na mkuu wa shule nakala, na nyinyi mbaki na nakala yenye tarehe. Mkufunzi huenda akahitaji kupeleka ombi ngazi za juu, na ndiyo maana hakuna faida ya kusubiri hadi wiki ya gwaride. Kuhusu hijabu yenyewe, itafutwe ya kitambaa kisicho na maua, nembo wala kung'aa, ya rangi inayokaribiana na ya sare, na ncha zake zichomekwe ndani ya kola ili uso uwe wazi na kibandiko cha jina kisifunikwe.

Shati la kuchomeka, kwa kweli, ni sehemu ya sare na sioni njia ya kulikwepa. Lakini hakuna kanuni inayolazimisha suruali ibane. Sare hutolewa bure na programu, na kadeti hupimwa kabla ya kupewa; mwambie binti yako aombe kipimo kikubwa zaidi tangu mwanzo, kiunoni irekebishwe na fundi kwa idhini ya mkufunzi. Penye koti la sare, koti hilo hufunika nyonga.

Barua ya tatu

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni kadeti wa mwaka wa kwanza, Arizona. Kila ukaguzi napoteza alama na sijui kwa nini, kwani nguo zangu ni safi na nimepiga pasi.*

Marahaba, mwanangu. Usafi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mstari. Simama mbele ya kioo kirefu utazame ukingo wa shati unapofungwa vifungo, ukingo wa bizimu ya mkanda, na ukingo wa kifuniko cha zipu ya suruali. Vitatu hivyo vinatakiwa vishuke kama uzi mmoja wa timazi. Kadeti wapya hupoteza alama hapo zaidi ya mahali pengine popote, kwa sababu shati huhama kila wanapokaa darasani. Livute nyuma, ulikunje pembeni kwa mikunjo miwili, ulichomeke upya kabla ya kuingia mstarini.

Halafu tazama kifua. Kwa mvulana, kibandiko cha jina hukaa katikati ya kifuniko cha mfuko wa kulia, na tepe za tuzo hukaa juu ya mfuko wa kushoto. Tumia rula badala ya jicho. Kata nyuzi zinazoning'inia, maana wakaguzi huzitafuta. Viatu ving'arishwe hadi kwenye kisigino, si kwenye ncha tu.

Nywele zako zisiguse masikio wala kola, zipungue taratibu kuelekea chini, na sharafa zisishuke chini ya tundu la sikio. Kiduku hakikubaliki, wala michoro ya kinyozi. Mstari mmoja mnyoofu wa kugawa nywele unaruhusiwa. Herini kwa mvulana ivuliwe. Mwambie kinyozi haya kabla hajawasha mashine, na unyolewe siku mbili kabla ya ukaguzi, ili kama amekosea pawepo muda wa kurekebisha. Dada zako makadeti wao wanaruhusiwa herini ndogo za mviringo, zisizozidi milimita 6, na kucha zao zisizidi robo inchi kutoka ncha ya kidole.

Ukiwa nje vaa kofia, ukiingia ndani ivue, na mikono isikae mifukoni. Hayo hayahitaji pasi, lakini alama zake ni zile zile.

Barua ya nne

*Mhariri, tunasafiri kwenda Kigoma mwezi wa Desemba. Kijana wetu anataka kubeba sare yake ya kadeti na ile ya mabaka ya mazoezini ili bibi yake amwone. Kuna ubaya?*

Ubaya upo, na ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Kwanza, sare ni mali ya serikali ya Marekani iliyoazimwa kwa kijana wenu. Haivaliwi nje ya shughuli za programu bila idhini ya mkufunzi, na ikipotea safarini ninyi wazazi ndio mtakaodaiwa. Pili, nchini Tanzania raia haruhusiwi kuvaa wala kumiliki mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku 7 kwa raia wote wenye mavazi hayo kuyasalimisha, na likaeleza kwamba atakayekaidi atachukuliwa hatua za kisheria. Askari wa kituo cha basi hatajua JROTC ni nini, ataona mabaka. Fulana na kofia za mabaka zilizonunuliwa dukani nazo zibaki nyumbani.

Mpigeni picha shuleni kabla ya safari, akiwa amevaa sare kamili na kofia imekaa sawasawa, mkaichapishe kwa ukubwa wa kutosha. Bibi ataitundika ukutani.