Jibu: Katika softiboli, mkimbiaji kamgonga mdakaji kwenye kituo cha nyumbani, kosa la nani?

Salaam mwalimu, na pole kwa binti aliyeumia goti. Umeuliza kama mwamuzi alikosea kumtoa mkimbiaji wenu aliyemgonga mdakaji (anayedaka mipira nyuma ya kituo cha nyumbani) akiingia kituo hicho, cha mwisho, kinapopatikana alama.

Angalia kwanza mpira ulikuwa wapi. Kama mdakaji alikuwa nao tayari na mkimbiaji akamvaa wima wima, katoka, mbio yake imeishia hapo. Mpira unakufa, yaani mchezo unasimama, wakimbiaji wengine wanarudi kituo walichogusa mwisho kabla ya kugongana. Akimvaa kwa ukatili, anafukuzwa mchezoni kabisa.

Mpira ukiwa bado angani na mdakaji kaziba njia, kosa ni la mdakaji. Mwamuzi ananyoosha mkono wa kushoto, mchezo unaendelea, kisha mkimbiaji anapewa kituo ambacho angekifikia. "Nilikuwa naungoja mpira" haimwokoi tena katika sheria za kimataifa za softiboli.

Wengi huku Mwanza tunaamini mkimbiaji kuserereka chini kuingia kituoni ni lazima. Hapana! Anaweza kumzunguka au kurudi nyuma, ilimradi asimvae.

Wasichana wangu hapa Nyegezi nawachorea kwa chokaa: mdakaji asimame mbele ya kituo, mguu wa kushoto kwenye kona ya upande wa kituo cha tatu, anayekuja aone weupe wa kituo chote. Anaziba akishaushika mpira, si kabla. Hili lifanyieni mazoezi kila siku, magoti ya watoto hayana spea.

Sikuwepo uwanjani kwenu. Muulize aliyekuwa akiandika alama: kipi kilitangulia kufika, mpira au mkimbiaji?